Bwawa Lililo Juu Kuliko Paa Letu

Shangazi yangu ni mwoga, na simsengenyi, maana yeye mwenyewe hujitangaza. Anaogopa radi, anaogopa mbwa hata aliyefungwa, na lifti aliipanda mara moja tu katika maisha yake, akashuka kwa ngazi. Mumewe, ambaye alikuwa dereva wa lori kabla kiharusi hakijamlaza, humwita Bibi Roho Juu. Naye humjibu kwa methali ambayo nadhani waoga wote wameikariri: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kazi yake ni cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele, miguu iko kwenye pedali, masikio yapo chumba cha nyuma alikolala mumewe, ambaye mimi humwita mjomba. Mimi ni binti wa kaka yake, nimepanga chumba cha uani, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona.

Woga ule mdogo mdogo tuliuzoea. Ule mkubwa uliingia nyumbani walipoanza kujenga kule kilimani. Zamani kilima kilikuwa na miti na majani, mvua ikinyesha ardhi inakunywa, sisi huku chini tunapata kijito cha watoto kuchezea. Wakaja watu na matingatinga, wakakata, wakasawazisha, wakasimamisha nyumba za vigae zenye nyua za saruji na barabara za lami. Ardhi ikazibwa mdomo. Maji yote ya mapaa yale yakawa hayana pa kwenda ila kwetu.

Wenye mradi hawakuwa wajinga. Chini ya nyumba zao walichimba bwawa la kuyapokea, wakaliwekea tuta la udongo na bomba la saruji la kutolea maji kidogo kidogo. Injinia wao alikuja kutueleza kwa adabu kwamba bomba lile ndiyo pumzi ya bwawa, tusije tukaliziba, maana tuta la udongo likizidiwa halina onyo refu, linakatika tu. Alichosahau kutueleza ni kwamba mtaro wa kupokea maji ya bomba ulichimbwa hadi ukutani kwa shangazi, ukaishia hapo kama hotuba ya mtu aliyekatiwa umeme. Kampuni ikasema kuufikisha mtoni ni kazi ya halmashauri. Halmashauri ikasema ni kazi ya kampuni. Sisi tukabaki na tope.

Kila mvua lilianzia kwa shangazi, likaenda kwa majirani. Muuza mbao wa mtaani, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo, mbao zake zikalowa zikapinda, akaitisha kikao. Akasema tuzibe bomba, bwawa ni lao, wakae nalo. Watu wakapiga makofi. Shangazi ndiye aliyeshona midomo ya viroba vya udongo, mshono mara mbili, kwa sababu ndiye mwenye sindano ya magunia na kwa sababu aliogopa kuwakatalia. Viroba vikashindiliwa, bomba likanyamaza. Mvua zilizofuata tulikanyaga pakavu, na mtaa mzima ukamsifu muuza mbao.

Shangazi hakusifu. Kila mvua ikikatika alipanda kuchungulia bwawa, akarudi midomo imemkauka. Maji hayakuwa yanashuka tena. Halafu akaniambia jambo lililonitia baridi: akisimama pale ukingoni, paa letu liko chini kuliko maji. Mjomba alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule unaomtii bado, akamwuliza bwawa nalo limemkosea nini.

Siku yenyewe mvua ilianza mchana, watu wengi wakiwa kazini. Haikuja na upepo wala radi. Ilinyesha tu, nzito, haipungui. Shangazi aliiacha kaptula ya mtoto wa watu kwenye cherehani, sindano ingali ndani ya kitambaa, akaenda kutazama. Alirudi mbio, na sikuwahi kumwona akikimbia. Maji yalikaribia mgongo wa tuta, na upande wetu udongo ulianza kulowa wenyewe kutoka ndani.

"Tuta linatoka jasho," aliniambia kwa sauti ya chini.

Tulichukua toroli la muuza mbao bila kumwomba, tukampakia mjomba na mablanketi yake, tukamfikisha barazani kwa zahanati, ng'ambo ya barabara palipoinuka. Njia nzima hakutania. Tulipopanda kwenye bomba, muuza mbao, aliyetuona na toroli lake akakisia nia yetu, alikuwa ametangulia, amesimama mbele yake. Shangazi alimwambia anakuja kuzibua. Muuza mbao akamwuliza kama ana akili timamu: maji yakitoka, si yataanza kwake mwenyewe?

"Najua yatakapoanzia," shangazi akasema. "Nyumba ikilowa, tutaianika. Tuta likikatika, shemeji, hatabaki mtu wa kuianika."

Akaingia mtaroni na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, anatetemeka mwili mzima. Viroba vilikuwa havibebeki, basi akavipasua matumbo kimoja kimoja, udongo ukamwagika, mpaka maji yakapata tundu. Kazi iliyobaki maji yakaimaliza yenyewe. Yalimpiga akaanguka kifudifudi. Mimi nilimdaka mkono mmoja, na wa pili aliudaka muuza mbao, sitamnyima haki yake.

Tulikimbilia barazani alipo mjomba, tukayatazama yakivunja mlango wetu wa mbele. Yalitoka na sare, yakatoka na viti, yakakitoa hata kitanda cha mjomba. Cherehani ililala kifuani mwa tope. Tuta halikukatika.

Na hapo ndipo ubaya ulipo. Kwa kuwa halikukatika, kila mtu sasa akajua kwamba lisingekatika. Majirani walikuja kutoa pole, wakazoa tope pamoja nasi, na katikati ya pole zao wakaanza kusema. Muuza mbao alisema waziwazi, wala si kwa ubaya, kwamba woga wa shangazi umemponza. Nilitaka kumtukana mtu, lakini ningethibitisha nini? Shangazi mwenyewe hajui. Aliniambia anaogopa mambo mawili: kwamba alikosea, na kwamba hakukosea.

Kabla tope halijakauka vizuri ukutani, viroba vipya viliingia kwenye bomba. Safari hii hawakumwita ashone, walivifunga kwa waya. Shangazi alikwenda kwa kampuni akaambiwa injinia yuko safarini. Alikwenda halmashauri akaambiwa suala linashughulikiwa. Kuhama hawezi. Nyumba ndiyo hiyo, na nani atainunua?

Jana alasiri wingu lilifunga upande wa kilimani. Shangazi alikuwa anasugua kutu kwenye cherehani, mimi namnywesha mjomba chai. Matone ya kwanza yakagonga bati. Nilimtazama mjomba nikingoja utani wake, nikautamani kabisa. Akakisukuma kikombe kwa mkono wake mzima, akamwita mkewe kwa jina lake halisi, ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia. Mwanamume huyu hajasimama kwa miguu yake tangu alipolazwa na kiharusi.

"Nivalishe viatu," akasema.