Moyo wa Nanasi

Siku yangu ya kwanza kazini kama mkaguzi wa matunda, stesheni ya reli ya Tororo, miaka ya sitini, Mkaguzi Mkuu alinikabidhi kipimajoto chenye sindano ndefu kama ya kushonea magunia. "Kijana, usiliulize behewa kama lina baridi," aliniambia. "Liulize nanasi."

Nyinyi mliozaliwa na majokofu ya umeme mtacheka. Baridi yetu ilikuwa vipande vya barafu na chumvi, tulivyovishusha kupitia vifuniko vya paa la behewa. Lakini nanasi la kwenda melini Mombasa lilipaswa kwanza kupumzika kivulini, litoe joto la shamba, kisha nilichome sindano hadi moyoni. Likipakiwa na moto wake, litayeyusha barafu yote njiani.

Siku moja lori la mananasi kutoka Paya lilikwama matopeni, likafika saa saba mchana, treni tayari inapiga honi. Niliogopa kuichelewesha. Sikuchoma hata nanasi moja. Nilisoma baridi ya hewa ndani ya behewa, nikaiandika kwenye fomu mahali pa moyo wa tunda.

Siku ya saba simu ya maandishi ikaja: behewa zima limeoza, limemwagwa bandarini.

"Nani alijaza barafu?" Mkaguzi Mkuu akauliza.

"Wandera," nikajibu. Lilikuwa jibu la kweli, na ndio ubaya wake.

Wandera, Msamia wa Buteba aliyejaza barafu pale tangu kabla sijaajiriwa, alinigeukia. "Mkaguzi, si ulipanda juu na mimi? Si uliona barafu imejaa mpaka kwa mfuniko? Ambia bwana."

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

"Sikuangalia," nikasema.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Mimi nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Busia, nikatumikia wakubwa wengine wawili, nikastaafu kwa sherehe na saa ya ukutani. Lakini kila siku ya soko, nikiona mtu mrefu anakuja kwa njia ya Buteba, nilijificha dukani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilianza kuogopa kwamba kifo kitamchukua yeye kwanza.

Mwaka jana nikaenda kwake Buteba. Nilimkuta kibarazani, macho hayaoni tena. Nikamweleza yote.

"Mimi najua," alisema. "Barafu yangu mimi najua. Nilikuwa nangoja wewe tu kusema."

Akanyoosha mkono, akaushika wangu.

"Mkono yako iko baridi, Mkaguzi. Unaogopa nini tena?"