Siku Niliyopalilia Jaruba la Wakwe

Naomba mcheke mapema mmalize, maana nikifika katikati nitaona aibu upya nishindwe kuendelea. Mama mkwe wangu nimewahi kumwangusha kwenye tope. Mbele ya mumewe, mbele ya majirani, mbele ya binti yake niliyekuwa nataka kumwoa, na hapo hata barua ya posa nilikuwa sijapeleka.

Yote yaliletwa na mdomo wangu. Perpetua alinipeleka kwao Kiseke kunitambulisha, nimevaa shati la mikono mirefu, nimekaa ukingoni mwa kochi, najibu "ndiyo, baba" kwa kila kitu, ndipo baba yake, Mzee Lugendo, akaniuliza kwetu ni watu wa shughuli gani. Ningesema "wazazi wangu ni wakulima" ingetosha kabisa. Lakini mzee alikuwa ametoka kulalamika kwamba vijana wa mjini hawajui hata wali unatoka wapi, nami (nauza fremu za miwani Pasiansi, mikono laini kama ya mtoto mchanga) nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikasema, "Mimi nimekulia ndani ya jaruba, baba. Mpunga naujua."

Mzee akaweka kikombe chini. "Kumbe! Basi Jumamosi tunapalilia, shamba liko ng'ambo ya Busisi. Utakuja utusaidie."

Msinielewe vibaya, sikuwa nadanganya. Kwetu upande wa Magu tulilima mpunga kila mwaka. Hata sasa namwona marehemu baba ameinama, mama kajifunga kanga kiunoni, kaka zangu wamejipanga mstari mmoja, na mimi nimesimama juu ya tuta naimba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuimba na wao kuitikia ili mikono isichoke. Baba mwenyewe alinipa kazi hiyo nikiwa darasa la tatu, alinishika bega akasema watu wasio na sauti ya kuwaongoza hawafiki mwisho wa jaruba, nami nikajua nimepandishwa cheo. Miaka yote hiyo niliwatazama wakipalilia, na kitu ukikitazama miaka yote hiyo si unakijua? (Msijibu.)

Jumamosi nikafika na gambuti mpya, zinang'aa. Watu wote walikuwa miguu mitupu.

"Vua hizo, tope litakushika," Perpetua akaninong'oneza.

Nikamwambia mkulima anajua vifaa vyake. Mzee akawatangazia majirani kwamba huyu kijana ni wa shamba kweli kweli, akanipa jaruba langu peke yangu, tena la kando ya njia.

Nikainama, na hapo ndipo nikagundua kwamba chini kule kila kitu ni kijani. Kuna majani yanayoota katikati ya mpunga yanafanana nao kama mapacha, na mimi tangu darasa la tatu nilikuwa nauona kwa juu tu. Kuuliza siwezi, nimeshasema naujua. Basi nikatumia akili: yale manene, yaliyosimama vizuri, ndiyo mpunga maana umetunzwa, na yale membamba yenye umanjano manjano ndiyo magugu. Nikaanza kung'oa membamba. Na ili mtu yeyote asipate nafasi ya kuniuliza kitu, nikaimba.

Jamani, niliimba! Majirani wakaitikia, kazi ikashika kasi, mpita njia akasimamisha baiskeli kusikiliza, Mzee akapaza sauti, "Huyu ndiye mkwe!" na mimi kichwa kikavimba, nikang'oa kwa mikono miwili. Nilimaliza kabla ya watu wote.

Mama yake Perpetua akaja na ndoo ya togwa. Akasimama kwenye rundo langu la magugu, akaokota mche mmoja, akautazama mzizi, akautazama tena.

"Baba Perpetua," akaita taratibu, "hebu njoo uone."

Nikataka nimuwahi kabla mzee hajafika, nimweleze, sijui hata ningeeleza nini. Nikapiga hatua, mguu ukatoka, gambuti ikabaki kwenye tope. Nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mama mkwe. Kwetu sisi, mama mkwe unamsalimia kwa adabu umesogea pembeni, hata macho unayashusha. Mimi nilimkumbatia. Tukaenda chini wote wawili, togwa juu yetu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Perpetua alikuwa ameziba uso kwa kanga. Mzee akamwinua mkewe, akautazama ule mpunga wake uliolala kwenye tuta, akanitazama.

"Mama yako yuko hai? Mpigie."

Nikapiga, mzee akaichukua simu, akaiweka sauti kubwa. Akajitambulisha kwa heshima, akasema kijana wako Mabula yupo hapa shambani kwangu.

"Anafanya nini huko, baba?" mama akauliza.

"Anapalilia mpunga."

"Mabula?"

"Ndiyo, mama," mzee akajibu.

"Yesu wangu. Amebakiza?"

Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye maji. Mama, hajui kwamba anasikika na watu wote, akaendelea: "Huyo alitung'olea jaruba zima akiwa mdogo, mwaka huo tukala mihogo tu. Baba yake hakumpiga wala hakumsema. Akampandisha kwenye tuta aimbe, akatukataza sote tusimwambie, asije akajiona hafai. Msimfukuze, baba. Mpeni aimbe tu."

Kicheko kikaisha. Nimekaa kwenye tope, togwa sikioni, na nilimtamani baba yangu siku ile kuliko siku tuliyomzika. Mzee akakohoa, akasema, "Kanawe, kijana," basi, na mimi nikarudi Pasiansi nikijua Perpetua nimeshamkosa.

Kumbe mama hakungoja kuitwa. Siku ya pili yake alifunga safari kutoka Magu, akanipitia tukaenda wote shambani, akaomba miche iliyobaki kitaluni, akaingia jarubani na magoti yake yale mabovu, yeye na mama mkwe, wakapandikiza upya. Mimi niliamriwa nisimame barabarani. Nilimwona mama mkwe akimwigizia mama jinsi nilivyomkumbatia, na wote wawili wakishikana wasianguke kwa kucheka. Mzee akanifuata. "Barua ilete," akasema. "Shambani kwangu usikanyage."

Mama alipotoka, akakaa kuosha miguu, nami nikainama kumsaidia, nikamwomba msamaha. Akanitazama hivi.

"Baba yako alikuficha maisha yake yote," akasema, "wewe ukaenda kujitangaza mwenyewe."

Perpetua ni mke wangu sasa. Wali ukiletwa mezani kwa wakwe, naula kimya.