Mgeni Ndani ya Seva

Nilikuwa nimetoka Kagunga kwa boti na mizigo ya watu, nimeshaishusha, sina kazi wala haraka, mwanamke mmoja aliponiuliza pale mwaloni Katonga kama najua kompyuta. Nikasema sijui.

"Basi wewe ndiye ninayemtafuta."

Alikuwa fundi wa seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi nzima. Chuo kimoja cha mjini kilimpa mwongozo wa Kiingereza autafsiri. Makarani wa chuo wakiuelewa, angepata kazi ya kuwafundisha. Wasipouelewa, angetafutwa mwingine. Alitaka mtu asiyejua kitu ausome kwanza. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nasoma chochote, hata karatasi iliyofungiwa maandazi.

Mwongozo ulieleza jinsi programu inavyoigawa seva moja iwe kompyuta kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake. Kompyuta isiyo na chuma chake, na inafanya kazi! Nilimuuliza maswali mpaka akachoka.

Seva aliiita mwenyeji. Zile za ndani, wageni. Nikafuata maelekezo kwenye kompyuta yake hadi pa kumgawia mgeni kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Nikampa yote. Kompyuta ikaganda.

"Kaka, mwenyeji umemwachia nini?"

"Mgeni hapimiwi, dada. Anakula kwanza, sisi tunakula kilichobaki."

"Kisipobaki?"

"Tunakunywa maji na kutabasamu."

Alicheka. Lakini makarani wake, akasema, ni watu wa Ujiji na Mwandiga, wangefanya vilevile. Nikamsimulia nyumba niliyopanga Ujiji. Chumba cha mbele ni cha mwenye nyumba, hakipangishi hata umbembeleze vipi, anagawa vilivyobaki. Fundi akalifuta neno wageni kote kwenye mwongozo, akaandika wapangaji. Mwenyeji akawa mwenye nyumba.

Siku ya majaribio nilikaa nyuma ya darasa. Karani mmoja, mama mtu mzima mwenye vyumba vya kupangisha Mwandiga, alifika pale nilipokwama mimi. Akasita.

"Mwenye nyumba tumtengee kiasi gani kwanza?"

Fundi alimwonyesha tu mstari kwenye mwongozo. Mama akasoma, akatenga, akagawa, akabonyeza. Wapangaji watatu wakawaka kwenye kioo.

Mkuu wa chuo akamuuliza fundi anaweza kuanza kufundisha lini. Jibu sikulisikia. Nilikuwa nimeinama begani kwa yule mama, nikitaka kujua: mpangaji akihamia seva nyingine, anaondoka na vyombo vyake?