Sili Aliyoifunga Rogath

Kaka yangu Rogath alizaliwa Rombo na kuuawa Kariakoo, mchana kweupe, na watu ambao baadhi yao aliwahi kuwatengenezea pikipiki.

Alikuwa fundi pikipiki mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa miaka kumi na tisa. Pikipiki za zamani, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, mafundi wengine walizikimbia. Yeye alizisikiliza. Alinieleza kwamba ndani kuna sili, vipete vya mpira vinavyobana shafti ya injini. Ukiona moshi mzito na oili ya gia inapungua, sili ya upande wa klachi imekufa. Mlio ukipanda wenyewe, ya upande wa magineti, ile sumaku inayozalisha umeme wa plagi, inavuta hewa.

Jumanne ile aliusikia mlio huo akiwa kibandani. "Ile ni ya Muhannad!" alimwambia Filbert, fundi mwenzake. Akachukua bisibisi na bomba la sindano lenye petroli, wakakimbia.

Muhannad, muuza mapazia, alikuwa ameparamia mkokoteni na kumvunja mguu mbeba mizigo. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Walipofika, Muhannad alikuwa chini, taya limepinda, sikio linavuja damu, na tairi kuukuu lilishaletwa.

"Jamani, siyo mwizi! Pikipiki imemshinda!" alisema Rogath.

"Fundi, toka hapo, tusije tukakuchoma na wewe!"

"Nipeni dakika moja. Nikisema uongo, nichomeni."

Akaiinua pikipiki, akafungua kifuniko cha pembeni, akaiwasha na kunyoosha mikono juu. Injini ikanguruma, ikapanda yenyewe mpaka ikapiga yowe. Watu wakarudi nyuma. Aliporusha petroli nyuma ya magineti, mlio ukashuka papo hapo. Akaizima kwa kuziba kabureta na kiganja.

"Mmesikia? Inavuta hewa hapa. Ekseleta hata sijaigusa."

"Kumbe mnamuua mtu wa watu bure!" alisema Sabaha, mama ntilie wa pale.

Lakini kijana mwenye ubao akafoka, "Basi alijua ni mbovu, akaja kutuulia ndugu yetu!" Akauinua ubao juu ya kichwa cha Muhannad.

"Hakujua," alisema Rogath. "Hiyo sili nimeifunga mimi Jumapili, nikiwahi misa. Niliisukuma kwa bisibisi, nikaichana mdomo. Kosa ni langu."

Ubao ulimpiga yeye, mdomoni. Halafu zikaja nondo. Filbert na Sabaha walimburuta Muhannad ndani ya duka, wakafunga mlango. Walimsikia kaka akimwita Bikira Maria, mara tatu. Halafu wakasikia vipigo tu.

Mochwari nilimtambua kwa soksi nilizomfumia.

Siku ya tano Muhannad alikuja msibani Magomeni, taya limefungwa waya. Mama yake, Bi Zeina, alikuwa amemshika mkono. Hakuweza kuongea, akaniandikia kwenye simu: "Dada Candida, Jumatatu alinipigia. Alisema usiipande, sili nimeiharibu, ilete niifungue upya. Nilikuwa na mzigo wa kupeleka. Nikaipanda."

Nikasoma mara mbili. Kaka yangu hakuwa mtu wa uongo, hata kwa mteja msumbufu. Nikamrudishia simu, nikamwambia Bi Zeina amkorogee uji mwepesi.

Kila jioni, kwenye rozari, namwombea Rogath msamaha kwa neno lile moja, "Hakujua." Wale wa ubao na nondo bado siwezi kuwaombea.