Shela la Wanaojibu Vizuri

Kanisani kwao shela la harusi lilikuwa moja tu, na mtunzaji wake alikuwa fundi cherehani mmoja mjane, ndiyo maana wakamwita Mama Shela. Kila bibi harusi alipokuja kupimwa, fundi alifunga mlango wa chumba chake cha kazi, akashusha pazia, akauliza swali moja: "Umejitunza?" Akijibu ndiyo, anavalishwa. Akijibu hapana, ataingia kanisani kichwa wazi, na kila aliyekaa kwenye benchi atajua maana yake. Bwana harusi hakuulizwa chochote. Hilo halikumpitia mtu kichwani, hata Mama Shela mwenyewe.

Hakuna aliyewahi kujibu hapana. Fundi hakuwa kipofu. Magauni aliyoyapanua kiunoni mara mbili kabla ya harusi aliyakumbuka vizuri. Lakini alijiambia kazi yake ni kuuliza, si kupeleleza. Na amri yenyewe ya kujitunza hadi ndoa aliiamini kwa moyo wote: mwili ni hekalu, hautolewi kwa majaribio. Aliishika tangu usichana, akaishika katika ujane, wachumba wakibisha hodi na kurudi walikotoka. Hakukosea kuiamini. Alikosea kudhani imo ndani ya kitambaa.

Ikafika zamu ya binti yake, mwanawe wa pekee, mwajiriwa wa kampuni ya bima. Mama alikwisha kulipiga shela pasi huku akiimba. Akafunga mlango, akauliza pini zikiwa zimebanwa mdomoni, kama mtu anayeuliza jambo analolijua.

"Hapana, mama," binti akasema.

Mama akazitoa pini mdomoni, moja moja. Akamwambia hakusikia, ajibu tena.

"Umenisikia. Yule mwenzangu niliyekwambia nimepanga naye chumba, ndiye huyu ninayeolewa naye."

Mama akashusha sauti. "Mwanangu, wenzako wote walijibu vizuri. Jibu na wewe, yaishe."

"Yaani niseme uongo ili nionekane msafi?"

"Usinivue nguo mbele za watu, ndicho ninachosema."

Binti akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akasema hajutii kitu. Mwili ni wake, ndivyo alivyo, na haombi ruhusa kwa wakaa benchi la mbele. Hapo mama alikuwa na jibu, jibu la kweli aliloliishi miaka yote: kwamba mtu hakujiumba, wala si mali yake mwenyewe kujigawa apendavyo. Lakini angelisemaje, naye dakika ileile ametoka kumsihi mtoto adanganye? Alichoweza ni kulikunja shela.

"Basi kaolewe kichwa wazi."

"Hapo kwenu siolewi kabisa."

Wakafungia ndoa ofisi ya serikali. Mama hakuitwa, na kanisani zikaenea habari kwamba alimnyima mwanawe shela. Akipiga simu hupokea mkwe, kwa heshima zote, na kusema mwenzake yuko bafuni. Mama aliwahi kumuuliza mkwe kama mkewe ameota mapezi siku hizi. Mkwe hakucheka.

Haukupita muda akaja binti wa mzee wa kanisa. Gauni lilikuwa limepanuliwa mpaka mwisho wa kitambaa, na tumbo bado lilikuwa likidai nafasi. Mama Shela akauliza.

"Ndiyo, mama," akajibu yule binti, akijigeuza geuza mbele ya kioo.

Fundi akamvalisha.

Siku ya harusi mchungaji akamwomba Mama Shela asimame. Akasema huyu ndiye mama wa kuigwa, aliyekataa kumpendelea hata mtoto wa tumbo lake ili kulinda utakatifu wa nyumba ya Bwana. Kanisa zima likapiga makofi. Bibi harusi naye akapiga, shela likimtikisika mabegani. Mama Shela akawatazama, benchi kwa benchi, wanawake aliowavalisha kwa mikono yake, na katika wote hakumwona aliyewahi kumwambia ukweli. Akaendelea kusimama, maana mchungaji alikwisha kufungua kitabu na hakuna aliyekumbuka kumwambia akae.