Lisaa Limoja Kutoka Mombasa

Leo nimeenda uwanja wa ndege wa Embakasi kupokea mjukuu wangu, nikasikia harufu ya mafuta ya ndege. Wacha niwaambie.

Nikiwa kasichana, baba alikuwa anajaza ndege mafuta huko Mombasa. Mama akazaa kaka yangu mdogo huku nyumbani Machakos, tukamtumia baba telegramu. Sisi Wakamba mtoto anapewa jina siku ya tatu, na baba ndiye anamvalisha ushanga. Asubuhi ya siku hiyo mkubwa wake akampandisha ndege bure. Lakini kufika Embakasi, basi ya Machakos hakuna. Akakuja na miguu.

Jua likatua. Nyanya, mama ya baba, akasema, “Mtoto hawezi lala bila jina.” Akamvalisha ushanga yeye mwenyewe. Mama akalia.

Kesho yake asubuhi baba akafika, vumbi mpaka kwa kope, koti inanuka hayo mafuta.

“Ndege ilichukua muda gani?” nyanya akamuuliza.

“Lisaa limoja tu, mama.”

“Na hiyo ingine yote? Ulikuwa unahesabu twiga?”

 Baba akafungua ule ushanga polepole, akamfunga mtoto tena na mikono yake.

“Sasa ndio ako na jina,” mama akasema, akaenda kumtafutia maji ya miguu.