Jina la Mzungu Aliyepita

Jina tunalotumia nyumbani kwetu ni la Kijerumani. Siliandiki hapa. Wenye nalo tunajuana, na asiye nalo halitamsaidia kitu.

Mimi nililipata kwa kuolewa. Nilipoletwa Mkonze nikiwa msichana, mama mkwe alinieleza asili yake tukiwa tunatwanga uwele. Baba mkwe wangu alizaliwa siku ambayo Mjerumani mmoja alipiga hema upande wa Zuzu, akipima njia ya reli. Sisi Wagogo mtoto humwita kwa jambo lililotokea alipozaliwa. Anayekuja na mvua ataitwa mvua, anayekuja na njaa ataitwa njaa, na hakuna anayeona ajabu. Siku ile jambo lilikuwa Mzungu. Wakamuuliza mkalimani bwana wake anaitwa nani, mtoto akaitwa hivyo hivyo, na kesho yake Mzungu akang'oa hema akaenda zake. Sidhani kama aliwahi kujua.

Baadaye watoto wa baba mkwe walipopelekwa shule, mwalimu aliwaandika kwa jina la baba yao. Wajukuu nao wakaandikwa hilohilo. Basi jina la mtoto mmoja likawa jina la nyumba nzima. Miaka yote sikupata kusikia mtu mwingine Dodoma hii akiitwa hivyo ila ametoka kwetu. Likiitwa hospitali, ujue mmoja wetu anaumwa. Likitangazwa kanisani, ama tumefiwa ama tunaoza binti.

Sasa mjukuu wangu akaniletea mchumba mwenye jina hilo hilo.

Mjukuu huyu, binti wa mwanangu wa kiume, nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, naye alikuwa bado ananyonya. Nashukuru amekuwa mtu. Anafanya kazi ofisini mjini, na mshahara wake ndio uliobadilisha bati za nyumba hii. Alimpata kijana huyo kwenye benchi la kusubiria huduma. Mhudumu aliita jina, wakasimama wawili.

"Nilidhani ananitania, bibi," aliniambia. "Nikamwambia kaa chini, jina la kwetu hilo. Akaniambia kaa wewe, mimi nimewahi foleni."

"Na wewe ukakaa?"

"Tulikaa wote. Mhudumu akamwita mtu mwingine."

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza kijana ni wa wapi, akasema kwao ni Chemba, ila ni Mgogo. Nikamwambia, "Huyo ni ndugu yako. Mtu haolewi na ndugu yake. Habari hiyo imeisha."

Haikuisha. Mtoto huyu hana tabia ya kubishana na mimi, na siku zile hakubishana. Aliacha tu kula mezani na mimi. Akitoka kazini anaingia chumbani kwake, asubuhi ananiamkia, anaondoka. Ningependa angenijibu vibaya nikapata cha kumgombeza.

Nikamwita shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, maana ndiye mwanaume mkubwa aliyebaki katika ukoo, na bila neno lake hakuna mtoto wetu anayeozwa. Tukamwita na kijana aje tumwone. Alikuja na pikipiki, akaiacha nje ya uzio kwa adabu, akainama akatoa shikamoo vizuri. Nilimpenda, na hilo lilinikera.

Shemeji akamuuliza, "Mwiko wenu ni nini?"

Kwetu kila ukoo una kitu usichokila. Watu wa ukoo wa mume wangu hawali figo. Ukimwuliza mtu mwiko wake, umeshamjua ni wa nani.

Kijana akatazama miguu yake. "Babu, mimi nimesoma bweni tangu mdogo. Nakula kila kitu."

"Mtu anayekula kila kitu ni fisi," alisema shemeji.

Kijana akajitahidi. Akatoa simu akasema amelitafuta hilo jina, akaona limetoka bonde moja tu huko Ujerumani, na maana yake ni mtu anayekaa mahali palipofyekwa msitu. Akasema siku hizi huko wenye nalo wamebaki wachache sana. Vijana wamehama bonde, wengine hawakuzaa, na wengine wameoa wakachukua majina ya wake zao.

"Kwa hiyo limewashinda wenyewe," alisema shemeji.

"Inaelekea sisi tuko wengi kuliko wao, babu."

"Hatukukuuliza wingi. Tumekuuliza baba wa baba yako alizaliwa na nani."

Hilo kijana hakulijua. Babu yake alifariki yeye hajazaliwa. Aliyebaki ni bibi yake, yuko kijijini Chemba.

Kijana alipoondoka, shemeji akaniambia kilichokuwa kinamsumbua, na kuanzia hapo kikanisumbua na mimi. Baba yao, ndiye baba mkwe wangu, alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Kila kiangazi alikwenda kaskazini huko Chemba, akikaa mwezi na zaidi. "Sasa shemeji," alisema, "mwanaume mwenye ng'ombe, mbali na mkewe, mwezi mzima. Nani anajua alimwacha nani huko, akampa na jina?"

Mzungu nilijua alipita mara moja, na mtoto aliyeitwa kwa jina lake ni mmoja. Kama jina liko Chemba, basi baba mkwe ndiye aliyelipeleka, na hakulipeleka mfukoni. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu, na sikuona njia nyingine.

Hata hivyo niliagiza bibi wa kijana aletwe. Nilisema kama ni kuvunja, tuvunje mbele ya mtu mzima mwenzetu.

Alikuja Jumamosi, mwanamke mwembamba, mrefu, fimbo mkononi na haitumii. Tulisalimiana Mbukwa za Kigogo mpaka tukachoka. Mimi nilikuwa nimeshapanga jambo langu. Tulichinja mbuzi, nikachukua figo nikampelekea jirani yangu, mke wa mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Kagera, nikamwomba anipikie kwake, maana kwenye vyungu vya nyumba hii figo haiingii. Nashukuru hakuuliza sana. Alisema tu, "Mama, huku kwenu hata nyama ina kesi?"

Nikapakua ugali wa uwele, mlenda, nyama, na bakuli la figo nikaliweka mbele ya mgeni peke yake kama heshima. Nilikuwa nawaza: akila, si wa kwetu, mtoto ataolewa. Akisogeza bakuli, basi. Shemeji naye alijua, akawa anamkodolea mgeni macho hata tonge likamwanguka. Mjukuu wangu alikuwa jikoni na jirani, nimemkataza asitokee.

Mgeni akachukua kipande akatafuna. Akachukua cha pili. Akaomba chumvi.

Nikashusha pumzi. "Unakula figo," nikasema.

Akanitazama, akaangalia sahani zetu, akaona hakuna mwingine mwenye figo. Akaacha kutafuna.

"Dada," alisema, "umenipima?"

"Nimekupima."

"Mimi ni mke pale. Nimeolewa kama wewe ulivyoolewa hapa. Mwiko wa tumbo langu ni wa baba yangu. Au wewe ulipoletwa hapa uliacha kula vya kwenu?"

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Ni kweli, mimi mwenyewe figo nakula nikienda kwa kaka zangu. Miaka yote hiyo nimekuwa mke wa watu, na siku ya kulikumbuka hilo halikunijia. Nikamwambia shemeji, "Cheka, lakini na wewe ulikuwa unahesabu matonge yake."

"Mume wangu hakula maini," mgeni akasema. "Wala baba yake. Kama ni hilo mlitaka, mngeuliza, mimi nikala chakula changu kwa amani."

Nilimtazama shemeji. Maini si figo, ukoo si mmoja. Lakini shemeji aliacha kucheka akasema neno gumu, na nasema ukweli lilikuwa la haki. Mtoto wa nje hulelewa kwa wajomba zake, hufuata mwiko wa hao wajomba. Maini peke yake hayatoshi. Akamweleza mgeni bila kuficha habari ya baba yake, ng'ombe, na viangazi vya Chemba.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Akanawa mikono. Akasema:

"Huyo mnunuzi wa ng'ombe ni baba yako?"

"Baba yangu mzazi."

"Aliyekuwa akilewa kidogo anaimba, na hajui kuimba?"

Shemeji akakaa sawa. "Huyo huyo."

"Alikuwa analala kwetu. Nilimpikia mimi nikiwa mke mpya. Baba mkwe wangu na yeye walikuwa wazee wa umri mmoja, mvi zao sawa. Hakumzaa mtu pale, baba. Mtu hamzai mtu wa rika lake."

Akatuambia kwamba yule Mjerumani baada ya kumaliza kazi ya reli alipanda kaskazini kutafuta visima na kununua ng'ombe wa kulisha vibarua. Kila alipolala lilikuwa jambo. Mtoto aliyezaliwa kwao akaitwa kwa jina lake. Mbele kidogo hakuzaliwa mtoto wa kike wala wa kiume usiku ule, wakakosa. Kijiji kinachofuata walizaliwa watoto wawili. Wote walistahili jina la Mzungu, wazee wakabishana, mwishowe mmoja wakampa, wa pili wakampa jina la punda wake.

"La punda?" shemeji aliuliza.

"Wapo mpaka leo. Ni watu wastaarabu sana."

"Na hao wa kijiji hicho wana jina letu?"

"Wanalo. Mlifikiri liko kwenu tu? Mzungu alitembea zaidi ya baba yako."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona shemeji amebadilika uso. Aliuliza polepole, "Huyo baba mkwe wako alikuwa na sikio moja limekatika kidogo, huku juu?"

"La kushoto. Fisi, akiwa mtoto mchungaji."

"Alikuwa anatuletea asali," alisema shemeji. "Kila baada ya mavuno. Nilikaa mapajani mwake. Baba alimwita somo, naye akimwita baba hivyo hivyo. Sisi tukaambiwa tumwite baba somo. Sikupata kumjua jina."

Watu wenye jina moja hawaitani jina, wanaitana somo. Na mtoto akishazoea kumwita mtu hivyo hajiulizi tena. Mzee yule wa asali alikuwa akija zamani, mimi bado sijaolewa, na safari zilipomshinda akaacha kuja. Mume wangu pengine alikumbuka, lakini hakuna aliyemuuliza, akafa nayo.

Shemeji yangu ni mtu wa kujidai. Maisha yake yote amekuwa akiwaambia watu kwamba rangi yake ya maji ya kunde ni ya yule Mjerumani, na mimi humjibu kwamba ni ya kutolima. Siku ile hakujidai. Alimuuliza mgeni mzee yule alikufaje, akaambiwa alikufa kwa uzee, na mpaka mwisho alikuwa anauliza kwa nini somo wake haji na ng'ombe. Hakuna aliyekuwa ameenda kumpa taarifa ya msiba.

"Hilo ni kosa letu," alisema shemeji.

"Ni mbali," mgeni akamwambia. "Na simu hazikuwepo. Acha."

Treni mpya ya umeme ilipita huko chini, ile isiyopiga kelele, na mgeni akageuka kuitazama mpaka ikaisha. Halafu shemeji akajikohoza, akasema kwa sauti ya baraza, ingawa tulikuwa watatu tu:

"Mimi sina neno. Baba alilala kwenu, akala kwenu. Binti aende."

Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza, "Ila ng'ombe tutazungumza."

"Zungumza," alisema mgeni. "Nami nina mdomo."

Nimeandika haya kwa sababu nashukuru, na sikupata kusema siku ile. Namshukuru mama yule aliyekaa kwenye basi na umri wake, akala chakula cha mtego, hakukasirika. Namshukuru shemeji kwa ugumu wake, maana angekubali upesi, mashaka yangebaki ndani ya nyumba ya watoto, na kila mtoto wao akiugua tungetazamana. Hata yule Mjerumani namshukuru kidogo. Kwao jina lake linakwisha, waliolirithi kwa damu wameshindwa kulitunza. Huku aliliacha bila kulipwa wala kuombwa, na sasa linaitwa shuleni, ofisini, kwenye misiba, kuanzia kwetu mpaka huko juu kwa watu wa punda. Kama kuna mtu bondeni kule ana huzuni kwamba jina linapotea, aje. Tutampikia.

Nilitoka kwenda jikoni. Mjukuu wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kifudifudi, anachambua mchele ambao ulishachambuliwa. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, anajifanya anaangalia moto.

"Babu amesemaje?" mjukuu wangu aliuliza bila kuinua uso.

"Amesema hana neno."

Akaendelea kuchambua. Akatoa chenga moja, akaiweka pembeni. Nikauchukua ungo mkononi mwake mchele usimwagike, nikamwacha alie. Kwa kawaida siruhusu kilio jikoni. Jirani akasema, "Mama, sasa tunapika?" Nikamwambia tupike, wazee bado wana mazungumzo.